Ajali Ina Kinga: Kumfunza Mwanafunzi wa Uuguzi Kujilinda Kazini

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa ajali haina kinga. Msemo huu hutumiwa sana kumliwaza aliyepatwa na janga, na katika muktadha huo una hekima yake, kwani humpunguzia mtu mzigo wa kujilaumu. Hata hivyo, msemo huohuo ukiingia katika darasa la uuguzi huweza kuleta madhara makubwa. Mwanafunzi akiamini kwamba sindano iliyomdunga, mgongo uliomteguka au kifua kikuu alichoambukizwa ni majaliwa tu, hataona sababu ya kujifunza namna ya kuyaepuka. Wahenga haohao walituachia jibu waliponena kuwa kinga ni bora kuliko tiba.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa mwaka wa pili yuko katika zamu ya usiku. Wagonjwa ni wengi na wauguzi ni wawili tu. Baada ya kumdunga mgonjwa dawa, anageuka kutafuta kisanduku cha kutupia sindano lakini hakioni karibu. Anajaribu kuirudishia sindano kifuniko chake kwa mikono miwili, na ncha inapenya glavu hadi kidoleni. Tone dogo la damu linatokea. Anatazama huku na huku, hakuna aliyemwona. Anajifuta, anavaa glavu nyingine na kuendelea na kazi. Anaogopa kukaripiwa, anaogopa kuitwa mzembe, na zaidi ya yote anaogopa kupimwa. Siku tatu zinapita. Mlango wa kinga uliokuwa wazi kwake kwa saa 72 unafungwa bila yeye kujua kwamba ulikuwepo.

Mfano huu ni wa kubuni, lakini hakuna hatua yake hata moja iliyo ngeni kwa wanaofunza kazi ya uuguzi. Mwanafunzi huyo alikosea mara mbili. Kosa la kwanza lilikuwa la mkono na la pili lilikuwa la ulimi. Makala haya yanaeleza jinsi mafunzo yanavyoweza kuzuia makosa yote mawili. Hoja kuu ni kwamba kujilinda ni stadi inayofunzwa na kufanyiwa mazoezi kama stadi nyingine yoyote ya uuguzi, na kwamba stadi hiyo haikamiliki pasipo ujasiri wa kusema, kabla ya ajali na baada yake.

Funzo kutoka Historia

Mara nyingi mwanafunzi huelezwa kwamba glavu na kuosha mikono ni njia za kumlinda mgonjwa. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Historia inaonyesha kwamba usalama wa mhudumu na usalama wa mgonjwa vimekwenda pamoja tangu mwanzo.

Mwaka 1847 katika mji wa Vienna, daktari Jakob Kolletschka alikatwa kidole kwa kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Aliugua na kufariki. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, aliposoma taarifa ya uchunguzi wa mwili wake aliona kwamba dalili zake zilifanana na za akina mama waliokuwa wakifa baada ya kujifungua katika hospitali hiyo. Kutokana na ajali hiyo ya kazini, Semmelweis alitambua kwamba kitu fulani kilikuwa kikisafiri kwa mikono ya madaktari na wanafunzi kutoka chumba cha maiti hadi wodi ya wazazi, akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Vifo vilipungua mno.

Historia ya glavu nayo ina mafunzo. Katika majira ya baridi ya mwaka 1889 kuingia 1890, Caroline Hampton, muuguzi mkuu wa chumba cha upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins nchini Marekani, alipata vidonda mikononi kutokana na kloridi ya zebaki iliyotumiwa kuua viini. Daktari William Halsted aliiomba kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira ili kumlinda. Ni baadaye tu ilipobainika kwamba glavu hizo ziliwakinga pia wagonjwa dhidi ya maambukizi. Kwa hivyo, glavu iliingia katika chumba hicho kwanza kwa ajili ya muuguzi, kumkinga dhidi ya kemikali. Mwanafunzi anayeona haya kudai glavu akidhani anajipendelea anapaswa kusimuliwa kisa hiki.

Hapa Afrika Mashariki kuna kisa cha karibu zaidi. Mwaka 2000 ugonjwa wa Ebola ulizuka katika wilaya ya Gulu, kaskazini mwa Uganda. Vifo vya wanafunzi wa uuguzi katika Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, vilikuwa miongoni mwa ishara za mwanzo zilizowafanya wakuu wa hospitali watambue kwamba jambo lisilo la kawaida limeingia. Wanafunzi hao walikuwa wakiwahudumia wagonjwa kabla ya mtu yeyote kujua jina la ugonjwa. Daktari Matthew Lukwiya, aliyeisimamia hospitali hiyo, aliongoza kazi ya kuwatenga wagonjwa na kuwavisha wahudumu mavazi ya kinga. Yeye mwenyewe aliambukizwa, akafariki tarehe 5 Desemba 2000. Inasadikiwa kwamba aliambukizwa usiku mmoja alipoitwa ghafla kumsaidia muuguzi mgonjwa, akiwa amevaa gauni, glavu na barakoa, lakini bila kinga ya macho. Hadi mlipuko ulipokwisha mapema mwaka 2001, watu 425 walikuwa wameugua na 224 kati yao walikuwa wamefariki.

Kisa cha Lacor kina mafunzo mawili. Kwanza, mwanafunzi hawezi kusubiri jina la ugonjwa ndipo ajikinge, kwani ugonjwa hauingii wodini ukiwa na jina. Hii ndiyo sababu ya kanuni ambayo sasa hufunzwa kote duniani, kwamba damu na majimaji ya mwili ya kila mgonjwa yachukuliwe kuwa huenda yana viini, awe ni mzee wa kijiji au mtoto mchanga. Pili, hata mjuzi aliyewafunza wengine anaweza kupungukiwa na kinga moja wakati wa dharura. Ndiyo maana kujilinda hakuwezi kuachiwa kumbukumbu peke yake. Lazima kuwe mazoea.

Hatari Zinazomkabili Mwanafunzi

Hatari za kazi ya uuguzi zinaweza kuwekwa katika makundi matano. Kundi la kwanza ni viini vinavyopita katika damu, hasa kwa njia ya sindano na vifaa vingine vyenye ncha kali. Katika ripoti yake ya mwaka 2002, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba kati ya wahudumu wa afya milioni 35 duniani, takriban milioni 3 walipatwa na ajali za namna hii kila mwaka. Mwanafunzi anapaswa kujua kwamba viini hivyo havilingani kwa nguvu. Baada ya kudungwa na sindano yenye damu ya mgonjwa mwenye virusi vya Ukimwi, uwezekano wa kuambukizwa ni kama watu 3 kati ya 1,000. Kwa homa ya ini aina ya B, uwezekano kwa mtu asiyechanjwa ni kati ya watu 6 na 30 katika kila 100. Aidha, virusi vya homa hiyo vinaweza kuishi nje ya mwili kwa muda usiopungua siku saba. Takwimu hizi zinaonyesha kwamba ugonjwa unaoogopwa zaidi sio unaoambukiza kwa wepesi zaidi. Vilevile zinampa tumaini mwanafunzi aliyedungwa, kwa sababu ajali moja si hukumu ya kifo.

Kundi la pili ni viini vinavyosafiri hewani, kifua kikuu kikiwa mfano mkuu. Hapa mwanafunzi hukosea kwa kudhani kwamba barakoa zote ni sawa. Barakoa ya kawaida ya upasuaji humfaa mgonjwa anayekohoa, kwa kuwa hupunguza matone anayoyatoa. Mhudumu anayeingia chumbani mwake anahitaji barakoa maalumu ya aina ya N95, inayobana uso na kuchuja chembechembe ndogo. Hata hiyo haitoshi peke yake. Dirisha lililofunguliwa likapitisha upepo ni kinga isiyogharimu chochote, lakini usiku wa baridi ndilo la kwanza kufungwa.

Kundi la tatu ni kemikali. Dawa za kuua viini huunguza ngozi, macho na koo. Mwanafunzi hana budi kujua hesabu yake. Ikiwa dawa ya klorini ina nguvu ya asilimia 3.5, kipimo kimoja cha dawa huchanganywa na vipimo sita vya maji ili kupata nguvu ya asilimia 0.5 inayotumika kusafishia damu iliyomwagika. Kuzidisha dawa hakuzidishi usafi, bali huzidisha madhara. Isitoshe, klorini haichanganywi kamwe na asidi wala amonia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Kundi la nne ni mzigo wa mwili. Kumgeuza, kumnyanyua na kumhamisha mgonjwa huumiza migongo ya wauguzi wengi, na maumivu hayo huanza mapema, mara nyingine katika miaka ya masomo. Kundi la tano ni madhara yatokanayo na watu na ratiba, yaani matusi, vitisho na hata kipigo kutoka kwa wagonjwa au jamaa zao, pamoja na uchovu wa zamu za usiku na simanzi ya kushuhudia vifo. Kundi hili husahauliwa kwa sababu halina damu inayoonekana. Hata hivyo, mkono uliochoka ndio unaojidunga, na akili iliyosononeka ndiyo inayosahau kuvaa miwani ya kinga. Makundi haya hushikana.

Mafunzo Kabla ya Kuingia Wodini

Samaki mkunje angali mbichi. Mafunzo ya usalama yafaa kutangulia wodi, na ya kwanza kabisa ni chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa kawaida katika dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Kwa hesabu hii, chuo kinachoanza kuwachanja wanafunzi juma lile wanapopelekwa wodini kimechelewa kwa nusu mwaka. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya mwisho, kipimo cha damu huonyesha kama mwili umejenga kinga. Mpango huu ni jukumu la chuo, lakini mwanafunzi naye anafaa kujua tarehe zake kama anavyojua tarehe za mitihani.

La pili ni mpangilio wa kinga zenyewe. Mwanafunzi mgeni hudhani kwamba kujikinga ni kuvaa. Ukweli ni kwamba vazi ni ngome ya mwisho. Ngome ya kwanza ni kuiondoa hatari, mathalani kutomdunga mgonjwa ambaye dawa ya kumeza ingemfaa vilevile. Ya pili ni kuitenganisha hatari na mtu, kwa mfano kisanduku cha sindano kilichowekwa mahali mkono unapofika na kinachofungwa kikijaa robo tatu. Ya tatu ni utaratibu wa kazi, kama vile kutorudishia sindano kifuniko. Pale inapolazimu kuirudishia, kifuniko huwekwa juu ya meza na kuokotwa kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja, ule wa pili ukiwa mbali. Glavu, aproni, barakoa na miwani huja baada ya hayo yote. Glavu huzuia damu isiguse ngozi, lakini haizuii sindano.

La tatu ni mazoezi. Hakuna aliyejifunza kuogelea kwa kusoma kitabu. Katika chumba cha mazoezi chuoni, wanafunzi hutumia sanamu ya mgonjwa kufanya kazi zote kabla ya kumgusa mtu halisi. Mkufunzi hodari huitumia nafasi hiyo kufunza usalama ndani ya kila kazi, wala haufanyi somo la pekee lenye saa zake mbili na mtihani wake. Mwanafunzi anapojifunza kudunga, ajifunze wakati huohuo kukileta kisanduku kabla ya kuichukua sindano. Akijifunza kumgeuza mgonjwa, ajifunze kukunja magoti badala ya kiuno, kuuweka mzigo karibu na mwili, kutumia shuka kumsogezea na kumwita mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mgongo mmoja haumhamishi mtu mzima.

Zoezi moja lenye manufaa makubwa ni la kuvua. Mkufunzi hupaka glavu na aproni za mwanafunzi rangi, kisha humwambia avue. Baada ya kuvua, mwanafunzi hujitazama kwenye kioo na kuona rangi kifundoni, shingoni au usoni. Katika dakika hiyo huelewa jambo ambalo mhadhara wa saa nzima usingemfahamisha, kwamba hatari ya kuvua ni kubwa kuliko ya kuvaa, na kwamba kuosha mikono baada ya kuvua glavu si hiari. Mikono huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 40 hadi 60, au husuguliwa kwa spiriti ya mikono kwa sekunde 20 hadi 30.

Wodini: Kielelezo na Adabu ya Kusema

Mafunzo ya chuoni hukutana na mtihani wake wa kweli wodini. Huko mwanafunzi humwona muuguzi mwenye tajiriba ya miaka 20 akirudishia sindano kifuniko kwa mikono miwili bila kudhurika. Kielelezo hicho kina nguvu kuliko daftari lote la mwanafunzi. Anajiuliza iwapo waliyofunzwa ni ya kitabuni tu. Kwa hivyo, chuo kinachowafunza wanafunzi bila kuzungumza na wauguzi watakaowapokea kinajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Wauguzi wasimamizi wanahitaji mafunzo ya mara kwa mara, na wanahitaji vifaa. Yamkini muuguzi huyo alijifunza tabia ile mwaka ambao visanduku havikuwepo.

Hapa ndipo linapozuka suala la adabu. Katika jamii zetu, mdogo hamkosoi mkubwa hadharani, na wodi za Kenya zina ngazi zake za heshima. Mwanafunzi hawezi kumwambia Sista kwamba amekosea. Lakini heshima haikatazi kusema. Hufunza tu jinsi ya kusema. Mwanafunzi anaweza kufunzwa kauli zinazolinda usalama bila kuvunja adabu: “Samahani, Sista, naomba nikusogezee kisanduku kwanza.” “Naomba uniruhusu nikavae miwani, kisha nirudi.” “Sijawahi kuifanya kazi hii peke yangu. Naomba usimame nami.” Kauli kama hizi zafaa kufanyiwa mazoezi kwa sauti katika chumba cha mazoezi, mwanafunzi mmoja akiigiza Sista na mwingine akiigiza mwanafunzi. Ulimi usiozoea kutamka neno hauwezi kulitamka saa nane za usiku.

Ajali Inapotokea

Hata baada ya kinga zote, ajali hutokea. Mwanafunzi aliyefunzwa vyema hujua la kufanya bila kusubiri kufikiri. Aliyedungwa na sindano huliosha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka. Halikamui, halinyonyi, wala halimwagii klorini au spiriti, kwa kuwa kufanya hivyo huumiza ngozi zaidi. Damu ikimrukia machoni, huyasuuza kwa maji safi mengi. Kisha humwarifu msimamizi wa wodi papo hapo, na ajali huandikwa katika rejista.

Baada ya hapo mgonjwa husika huombwa idhini ya kupimwa, na mwanafunzi hupimwa pia. Iwapo kuna uwezekano wa maambukizi ya virusi vya Ukimwi, mwanafunzi huanzishiwa dawa za kuyazuia. Dawa hizi hufaa zaidi zikianzwa mapema, katika saa chache za kwanza, na hazianzwi baada ya saa 72 kupita. Humezwa kwa siku 28 mfululizo. Kwa homa ya ini aina ya B, hatua hutegemea kama mwanafunzi alikamilisha chanjo. Vipimo hurudiwa baada ya majuma kadhaa na miezi kadhaa, na katika muda wote huo mwanafunzi huhitaji mtu wa kuzungumza naye.

Utaratibu huu mzima husimama juu ya nguzo moja, nayo ni mwanafunzi kusema. Mficha uchi hazai, na mficha ajali hatibiwi. Mwanafunzi wa mfano wetu hakukosa dawa kwa sababu hospitali haikuwa nazo. Alizikosa kwa sababu alitarajia karipio. Kwa hivyo, swali la kwanza analoulizwa mwanafunzi aliyeripoti ajali lina uzito wa dawa. Akiulizwa “Ulikuwa ukifanya nini?” kwa sauti ya hasira, wanafunzi wote wanaosikia hujifunza kuficha. Akiulizwa “Umeshaosha jeraha? Twende pamoja,” hujifunza kusema. Uchunguzi wa chanzo cha ajali ni muhimu, lakini wakati wake ni baada ya matibabu, na lengo lake ni kujua kwa nini kisanduku hakikuwepo karibu, si kutafuta wa kuadhibiwa.

Lugha ya Usalama

Wanafunzi wa Kiswahili wana nafasi ya pekee katika jambo hili. Kwanza ni suala la sarufi. Muuguzi akieleza ajali kwa Kiswahili, kitenzi kinachomjia upesi ni “amejidunga”. Kiambishi -ji- cha kujirejea humfanya aliyeumia kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja, na hivyo lawama huwekwa ndani ya kitenzi kabla ya uchunguzi kuanza. Tukisema “amedungwa sindano”, msikilizaji huelewa kwamba alikuwa mgonjwa akatibiwa. Lakini tukisema “amedungwa na sindano”, kiunganishi kimoja kifupi huigeuza sindano kuwa chanzo cha tukio, na mtu kuwa aliyepatwa. Katika rejista, maneno “ajali ya sindano” yangefaa zaidi, kwa kuwa hulitaja tukio bila kumhukumu mtu. Haya si mapambo ya isimu, kwani mtu huripoti kwa wepesi jambo lisilomtia hatiani kwa kulitaja tu.

Pili ni suala la mawasiliano. Uuguzi nchini Kenya hufunzwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Lakini sindano iliyotupwa vibaya wodini huenda ikamdunga msafishaji anayebeba mfuko wa taka alfajiri, na mazungumzo naye ni ya Kiswahili. Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba mfuko mweusi ni wa taka za kawaida, wa manjano ni wa taka zenye viini na mwekundu ni wa taka hatari zaidi, hana budi kuweza kumweleza msafishaji, mbeba machela na jamaa wa mgonjwa jambo hilo kwa maneno wanayoyaelewa. Usalama unaoishia katika lugha ya mtihani haufiki mwisho wa wodi.

Tatu ni suala la istilahi. Mwaka 2020, janga la Korona lilipoingia Kenya, neno “barakoa” lilienea kwa muda mfupi. Awali neno hilo lilitaja kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake katika pwani ya Waswahili na Oman. Haja ilipotokea, lugha ilitoa neno kutoka hazina yake na umma ukalipokea. Hali hii inadhihirisha kwamba Kiswahili hakishindwi na sayansi. Kinachokosekana mara nyingi ni wataalamu wa lugha na wa afya kuketi pamoja. Idara ya Kiswahili na shule ya uuguzi, ambazo katika vyuo vikuu kadhaa hutenganishwa na ua mmoja tu, zinaweza kuandaa mabango, maandishi ya visanduku na maigizo ya mafunzo kwa ushirikiano. Tangu Katiba ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kazi kama hii si ya hisani tena.

Wajibu wa Chuo, Hospitali na Sheria

Haitakuwa haki kumtwika mwanafunzi mzigo wote wa kujilinda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamwajibisha mwajiri kuhakikisha usalama wa wafanyakazi wake, kuwapa maelezo, mafunzo na vifaa vya kinga, na kuunda kamati ya usalama pale penye wafanyakazi 20 au zaidi. Sheria hiyo inamwajibisha mfanyakazi naye kuvitumia vifaa anavyopewa na kuripoti hatari anazoziona. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo wa 2007, inashughulikia fidia ya anayeumia akiwa kazini.

Mwanafunzi wa uuguzi husimama mahali pa utata kati ya pande hizi. Anafanya kazi ya wodi lakini hayumo katika orodha ya mishahara ya hospitali. Amesajiliwa chuoni lakini saa ya ajali hayuko chuoni. Ni rahisi kila upande kudhani kwamba upande wa pili unamtunza. Kwa hivyo, makubaliano kati ya chuo na hospitali yafaa kutaja waziwazi ni nani atakayempa glavu na barakoa, nani atakayegharimia chanjo na vipimo, nani atakayemhudumia akidungwa na sindano usiku wa Jumapili, na mwanafunzi ampigie nani simu. Majibu ya maswali haya yakiandikwa katika kadi ndogo ambayo kila mwanafunzi huibeba mfukoni, muda wa kutafuta utapungua na saa 72 zitatosha.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kujilinda kazini ni stadi yenye historia, kanuni na mazoezi yake. Chanjo hutangulia wodi, kisanduku hutangulia sindano, dirisha lililo wazi husaidiana na barakoa, na mwenzako husaidiana na mgongo wako. Imedhihirika pia kwamba stadi hizi za mikono hazitoshi pasipo lugha ya kuomba, ya kukataa kwa adabu na ya kuripoti bila haya.

Tukimrudia mwanafunzi wa mfano wetu, yangetosha mambo mawili kuubadilisha usiku ule. La kwanza ni kisanduku kilichosogezwa karibu kabla ya sindano kushikwa. La pili, hilo la kwanza lilipokosekana, ni sentensi moja: “Sista, nimepata ajali ya sindano.” Chuo kinachomwezesha mwanafunzi wake kuitamka sentensi hiyo bila woga kitakuwa kimemfunza jambo litakalomfaa hata baada ya mitihani yote kusahauliwa. Huenda ni kweli kwamba ajali haina miadi. Lakini kinga inayo, nayo huanza darasani.